Hongera, Mgeni wa Taifa

Nchi yetu haina magereza. Nalisema hili mapema ili msomaji asipoteze muda kuyatafuta. Yalikuwepo, lakini yalifutwa asubuhi moja kabla ya chai, baada ya watu wa nchi za nje kutuma salamu kwamba wanakuja kuyakagua. Mtukufu Kiongozi alitia sahihi, mafundi wakapanda ngazi na makopo ya rangi, na wakaguzi walipofika walionyeshwa lile lile jengo kubwa la mawe juu ya kilima, likiwa na zulia jekundu mlangoni na maandishi mapya yasemayo HOTELI YA UKARIMU WA TAIFA. Wakaguzi walilisifu sana zulia, wakaenda zao.

Tangu siku ile hakuna mfungwa katika nchi yetu, kuna mgeni. Hakuna askari jela, kuna mhudumu. Pingu huitwa bangili. Hakimu hamfungi mtu, anamwalika. Baba yangu alialikwa miaka minne.

Nieleze kosa lake, maana ni kosa kubwa na sitaki kulificha.

Baba yangu, Severini Mapande, ni bwana mifugo wa tarafa yetu. Mwaka huu, mvua zilipokuwa zinakaribia, Mtukufu Kiongozi aling'olewa jino. Lilikuwa gego la upande wa kushoto, na redio ilitujulisha kwamba lilitoka kwa utii. Taifa zima likatakiwa kumpongeza. Katika tarafa yetu watu walipanga mstari nje ya ofisi, wakawa wanaingia mmoja mmoja kuipa mkono picha yake. Baba hakuwemo mstarini. Alikuwa zizini kwa mama mmoja mjane, mkono wa kulia umezama ndani ya ng'ombe hadi begani, kwa sababu ndama alikuwa amekaa vibaya. Walipomtuma mtu kwenda kumwita, baba alijibu, "Nikiutoa mkono sasa, ng'ombe atakufa na ndama atakufa. Mwambieni Mtukufu nakuja."

Ndama akazaliwa. Baba akanawa, akabadili shati, akaenda mbio kupongeza. Alikuta mlango unafungwa. Alikuwa wa mwisho.

Sheria yetu, msomaji, haisemi kwamba kuchelewa kupongeza ni kosa. Ingekuwa hivyo, watu wangewahi na kesi zingekwisha. Sheria inasema kwamba wa mwisho ana kosa. Kwa hiyo hata tarafa nzima ikienda mbio kama swala, lazima mmoja apatikane. Wataalamu wanasema sheria hii imeleta maendeleo makubwa katika riadha.

"Mahakama imeuzingatia utetezi wa ng'ombe," alisema hakimu, "na inampa pole. Lakini mshitakiwa ana mikono miwili."

*

Kwa ajili ya sheria hiyo, watu wetu wana miguu myepesi. Redio ikimtaja mtu katika taarifa ya habari ya saa saba mchana, kwamba ameteuliwa kuwa hiki au kile, majirani humfikia kabla mtangazaji hajamaliza jina la ukoo. Wapo waliojua kuwa ni mawaziri kwa sababu tu waliona majirani wakiruka uzio. Na jambo moja halifanyiki kamwe: hakuna anayeuliza, "Hongera ya nini?" Ukiuliza, umekiri kwamba hukusikiliza redio. Na asiyesikiliza redio ndiye wa mwisho anayetafutwa.

Mimi nililipima jambo hili shuleni kwetu, kwa nia njema ya kielimu. Nasoma shule ya bweni, ambayo siitaji jina ili nisiiharibie sifa kidogo iliyobaki. Jumatatu moja, gwaride la asubuhi likiwa limenyamaza, nilitoka mstarini, nikaenda kwa Mzee Kitwana mpishi aliyekuwa anapita na ndoo, nikampa mkono na kuinama. "Hongera, mzee wangu."

"Ahsante, mwanangu," akasema kwa woga.

Hadi jioni walimu wote walikuwa wamempa mkono. Siku ya pili alipewa kiti kwenye meza ya walimu. Alikaa pale akihudumiwa hadi shule ilipofungwa, na mpaka leo hakuna anayejua alipongezwa kwa lipi, yeye mwenyewe akiwemo. Sisi tulijipikia maharagwe. Sisemi kwamba yaliiva.

*

Kwa mujibu wa taratibu za ukarimu, mgeni huja hotelini na mto wake mwenyewe, na mto hubebwa na mtu wa familia, ili familia nayo iijue njia. Mama alikuwa amelala na homa, kwa hiyo shule ilinipa ruhusa mimi. Tulipelekwa katika lori la serikali, baba akiwa na bangili mikononi, mimi na mto mapajani, na Koplo Magwaza, msindikizaji wetu, akiwa ameikalia kofia ya baba tangu alfajiri.

"Afande," baba alimwambia njiani, "hiyo kofia."

"Ina nini?"

"Ni yangu."

"Wewe mgeni bwana una maneno," akasema Koplo, akajinyoosha vizuri zaidi juu yake.

Baba alikohoa njia nzima. Ana pumu. Nyumbani hulala amekaa, dirisha wazi, hata wakati wa baridi, na mvua zikianza mama husikiliza pumzi yake usiku kucha kama mtu anayesikiliza wezi. Ndiyo sababu tangu lori lilipoanza kupanda kilima nilikuwa na wazo moja tu kichwani. Kila mtu katika nchi yetu anajua kwamba katika Hoteli ya Ukarimu si muda wa malazi unaokuua au kukuacha. Ni chumba. Na chumba hutolewa mapokezi, mara moja tu: ufunguo ukishatua kiganjani mwa mgeni, habadilishiwi tena, si kwa machozi wala kwa mbuzi.

Mapokezi palikuwa pazuri. Palikuwa na ua la plastiki, saa ya ukutani, redio iliyokuwa ikipiga muziki wa bendi ya jeshi, na picha ya Mtukufu ikiwa bado na shavu lililovimba. Nyuma ya meza alisimama dada mmoja mwenye sare ya kijani, kifuani ameandikwa Asteria.

"Karibuni sana, wazee wangu. Poleni na safari."

"Tumeshapoa, binti yangu," baba akasema.

"Mmekunywa chai?"

"Hatujanywa."

"Afadhali. Maana hapa hakuna."

Kabla yetu alikuwepo mgeni mwingine, mtu mnene aliyealikwa kwa kupiga chafya wakati wa wimbo wa taifa. Bi Asteria aliunyoosha mkono wake, akampa ufunguo uliokuwa unatona maji. Wahudumu wawili wakamshika kwapani wakateremka naye ngazi za kwenda chini. Tulisikia viatu vyake vikipiga mawe, kisha vikipiga maji, kisha maji tu. Mlango ulifungwa mbali sana. Mwanawe, msichana wa rika langu, aliachwa amesimama, kwa sababu mto wa baba yake ulikuwa umebaki mikononi mwake.

"Weka pale tu, mdogo wangu," Bi Asteria alimwambia.

Ndipo nilipoiona kona. Ilikuwa imejaa mito hadi karibu na dari: ya maua, ya mistari, mingine imeshonwa majina kwa uzi mwekundu.

"Dada, ile mito ni ya nani?" nikauliza.

"Ya wageni waliomaliza malazi."

"Wameisahau?"

"Wanasahau," akasema, akipanga funguo zake bila kuniangalia. "Huwa wanasahau wote."

*

Baba hakuwa amesikia, au alijifanya hakusikia. Alisogea mezani kwa adabu ileile anayotumia akiingia zizi la mtu.

"Binti yangu, mimi nina ombi. Nina pumu. Ukinipeleka chini kwenye unyevu, sitaziona mvua zikiisha. Naomba unipandishe chumba. Hata kama dirisha lake ni dogo kama sahani ya chai, litanitosha."

Bi Asteria alimtazama kwa huruma ya kikazi.

"Mzee wangu, tuelewane. Vyumba tunavyo. Kuna Kawaida, ndivyo hivyo vya chini. Kuna Nafuu, vya hapa usawa wa mlango, hewa inapita chini ya mlango. Kuna vya Dirisha, ghorofa ya kwanza. Na kuna Kilele, juu kabisa, vya waheshimiwa. Lakini mgeni haombi. Kuomba dirisha ni kulalamikia ukuta. Na ukuta ni wa Taifa."

"Siulalamikii, binti yangu. Naupenda ukuta. Nataka tu uwe na tundu."

Koplo Magwaza alicheka, kisha akatazama pande zote kuona kama kucheka kunaruhusiwa.

"Mzee," akasema Bi Asteria kwa sauti ya chini, "usiniponze. Nina watoto." Akageuka kwenye ubao, akaunyofoa ufunguo mmoja wa Kawaida. Kibao chake cha mti kilikuwa kimeota ukungu. "Lete mkono."

Baba alinitazama. Alikohoa mara moja, akaanza kuinyanyua mikono yake miwili pamoja, kwa sababu bangili haikuruhusu mmoja, na kiganja kikaanza kufunguka.

Saa ya ukutani ilikuwa inakaribia saba. Bendi ya redio ilikuwa imefika kwenye tarumbeta ambazo hupigwa kabla ya taarifa ya habari. Niliweka mto sakafuni. Nilizunguka nikasimama kati ya kiganja cha baba na ufunguo, nikakishika kiganja kile kwa mikono yangu yote, nikainama kama tunavyofundishwa kuinama siku ya kugawa zawadi, na nikasema kwa sauti ya kusikika ukumbi mzima:

"Hongera sana, baba."

Tarumbeta zikaendelea. Baba alinitazama vile anavyomtazama ndama mwenye homa.

"Hongera ya nini, Ladi?"

Watu wote wa nchi yetu wangeweza kuliuliza swali lile pale nikanusurika, isipokuwa mpongezwa mwenyewe. Koplo alikuwa amegeuka. Bi Asteria ameushikilia ufunguo hewani, tone moja la maji limening'inia kwenye kibao.

"Baba bwana!" nikasema, nikicheka kicheko kilichotoka kikavu kama magome. "Hata mbele ya watu wako?"

"Watu wangu gani? Mimi sijafanya lolote la kupongezwa," baba akasema kwa hasira. "Mimi ni bwana mifugo tu."

Mungu ambariki baba yangu kwa ukweli wake. Msomaji ajue kwamba kila mtu aliyewahi kuteuliwa waziri katika nchi yetu, alipofuatwa na majirani, alisema maneno hayo hayo. Sijafanya lolote. Mimi ni mwalimu tu. Mimi ni mkulima tu. Hufundishwa au huzaliwa nayo, sijui.

Koplo Magwaza alisimama wima. Niliyaona mawazo yakimpita usoni moja moja: alfajiri, lori, maji aliyomnyima baba njiani, kofia. Mkono wake ulikwenda nyuma polepole, ukaitoa mfuko wa nyuma kofia iliyokwisha kuwa bapa kama chapati, ukaipuliza.

"Hongera, mheshimiwa," akasema, sauti ikimpasukia katikati. "Kofia yako. Nilikuwa... nilikuwa naipasha moto."

Na bangili ikafunguliwa.

Bi Asteria alikuwa amebaki peke yake. Wa mwisho. Aliutupa ufunguo wa Kawaida chini ya meza kana kwamba umemng'ata.

"Hongera, mheshimiwa! Hongera sana! Mimi nilijua tangu mlangoni. Nilisema moyoni, kikohozi hiki si cha mtu mdogo!" Vidole vyake vilipita ubaoni, vikaruka Nafuu bila hata kuvigusa, vikashika ufunguo mkavu. "Dirisha. Ghorofa ya kwanza, mashariki. Jua la asubuhi linaingia lote. Lete mkono, mheshimiwa, lete haraka."

Kama nchi yetu ingetawaliwa na akili, hadithi ingeishia hapo. Baba alikuwa amekwisha kunyoosha kiganja. Nilikuwa nimekwisha kuvuta pumzi. Lakini mlango wa ofisi ulifunguka kwa kishindo, akatoka Meneja akiwa na kiatu kimoja.

*

Bwana Philemoni Chogo, Meneja Mkuu wa Ukarimu, alikuwa amesikia neno "hongera" likisemwa na watu watatu ndani ya jengo lake, na yeye hakuwa mmoja wa waliolisema.

"Mheshimiwa!" akapaza sauti akichechemea. "Hongera! Hongera kwa niaba ya kuta, milango, wafanyakazi na wageni, kwa mpangilio huo! Hoteli hii imepokea watu wazito, lakini haijapata kupokea mtu mzito aliyeingia kwa wepesi namna hii. Huu ndio uongozi. Huu ndio..." Macho yake yakatua kwenye ufunguo. "Bi Asteria. Nini hicho?"

"Ni Dirisha, bwana meneja."

"Dirisha? Dirisha moja? Unampa mheshimiwa dirisha moja, kama mtu aliyeiba kuku?"

Alimnyang'anya ufunguo, akautupa mezani. Kutoka ndani ya kabati la kioo alitoa mwingine: mkubwa, wa shaba, wenye kishada cha hariri, umelazwa juu ya kitambaa katika sinia. Akaliweka sinia mbele ya baba kwa mikono miwili.

"Kilele," akasema kwa kunong'ona.

Inabidi nieleze habari za Kilele.

Vyumba vya Kilele ni vya mawaziri wanaopumzishwa. Vina zulia, vina kitanda cha duara, na vina madirisha yanayoanzia sakafuni kufika darini, yasiyo na nondo hata moja. Na wageni wa Kilele wana desturi ya kuanguka. Waziri wa Maji alianguka. Waziri wa Fedha alianguka, na aliyemrithi akaanguka siku aliyokwenda kupima mapazia. Kila mara redio ilisema marehemu alikuwa akifurahia mandhari. Kwa hiyo katika hoteli yetu chini mtu anazama na juu anaanguka. Pa kuishi palikuwa mahali pamoja tu, katikati, na ufunguo wake ulikuwa umelala mezani hatua moja kutoka kwenye mkono wa baba.

"Bwana meneja," nikasema, "mheshimiwa ana kizunguzungu akiwa juu."

"Kilele kinaponya kizunguzungu, kijana. Hakuna mgeni aliyelalamika mara ya pili."

"Dirisha moja linanitosha, bwana," akasema baba.

"Unyenyekevu!" Meneja alimgeukia Koplo. "Umeusikia? Umeusikia unyenyekevu?"

"Nimeusikia, bwana meneja. Tangu alfajiri naye tu."

"Basi mheshimiwa apokee ufunguo... la! Ngoja." Akajipiga paji la uso. "Kwanza nipige simu Ikulu. Nisije nikawa wa mwisho kumpongeza aliyekuteua. Asiguse mtu sinia!"

Akainua simu. Hapo nilitamani kuzimia, lakini katika nchi yetu kuzimia mbele ya picha ya Mtukufu kuna malazi ya miezi sita. Ikulu ndiyo nyumba pekee nchini ambamo wangeweza kujua kwamba baba hakuteuliwa na mtu yeyote. Wangeuliza swali moja fupi, na kile kibao chenye ukungu kingetoka tena chini ya meza, na safari hii vingetoka viwili.

"Halo, Ikulu? Ni Chogo wa Ukarimu hapa. Natoa pongezi zangu za dhati kwa ajili ya... kwa jambo hili la Mheshimiwa Severini Mapande."

Simu ilikuwa ya zamani na sauti yake ilitoka nje. Tulisikia kiganja kikiziba simu, na nyuma ya kiganja viti vikivutwa, watu wakikimbia, mtu akiuliza kwa kufoka na mwingine akijibu kwa kulia. Baba alinigeukia. Nadhani ndipo alipoelewa nilichokuwa nimekifanya, maana uso wake ulibadilika, na akaweka mkono wake begani kwangu akaubana.

Kiganja kikatoka kwenye simu.

"Chogo." Ilikuwa sauti ya mzee fulani, anahema. "Wewe umejua lini?"

"Mimi? Mapema, mzee! Mapema sana!"

Viti vikavutwa tena.

"Na sisi pia," sauti ikasema. "Tulijua mapema kuliko wewe." Simu ikakatwa.

Tarumbeta zikanyamaza. Saa ikagonga saba.

*

"Hii ni Sauti ya Taifa," redio ikasema.

Jina la Mtukufu linapokaribia kutajwa, raia husimama wima na kufumba macho, kwa sababu jina lake linang'aa. Wote wakafumba: Meneja na mguu wake wa soksi, Bi Asteria, Koplo mkono wa kulia kwenye paji la uso, hata yule msichana wa mto aliyekuwa bado amesimama konani. Mimi sijawahi kufumba. Kasoro hiyo walimu wangu wameishughulikia kwa fimbo bila mafanikio.

"Mtukufu Kiongozi anaendelea vizuri, na pengo lake linaendelea vizuri," redio ikasema.

Baba naye hakuwa amefumba.

Alikuwa anautazama ule ufunguo wa Dirisha mezani. Uliangukia kando ya sinia, na kishada cha hariri cha Kilele kilikuwa kimelala juu ya kamba yake, na ukivuta mmoja ungeupigisha mwingine kelele. Baba aliukunja mkono wa shati. Kisha akaunyoosha mkono ule wa kulia polepole, vidole vimekaa pamoja, kama mtu anayepenya mahali pembamba penye uhai ndani yake. Alikigusa kishada. Akakiinua kwa kidole kimoja. Koplo akapumua, mkono wa baba ukasimama. Jasho lilimtiririka shingoni, na nikakiona kikohozi kikimpanda kifuani: mabega yalijaa, mdomo ukabana, mishipa ikasimama.

"Katika habari nyingine," redio ikasema, "Mtukufu Kiongozi leo amempongeza Bwana Severini Mapande."

Kidole kiliteleza. Ufunguo ukasogea.

"Mtukufu amekuwa wa kwanza kumpongeza. Na habari zaidi ni kwamba hakuna habari zaidi."

Baba akakohoa. Alikohoa mpaka akainama, mpaka ua la plastiki likatikisika, na macho yote yakafumbuka kwa pamoja. Alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia ulikuwa juu, umefumbwa, na kati ya vidole ilining'inia kamba ya ufunguo wa Dirisha.

*

Wa kwanza kusema alikuwa Meneja, na hakusema kuhusu ufunguo. Alikuwa amekuwa mweupe kama chaki.

"Wa kwanza," akarudia. "Mtukufu amekuwa wa kwanza. Bi Asteria, kuna wakati mimi nilisema neno lolote kwa mheshimiwa kabla ya saa saba?"

"Hapana, bwana meneja. Ulikuwa unapiga chafya."

"Na wewe?"

"Mimi nilikuwa nazisoma funguo."

"Mimi sijafika bado," akasema Koplo Magwaza. "Niko njiani."

Walipokwisha kusameheana, Meneja aliuona mkono wa baba. Akanyanyua sinia kwa tabasamu. "Mheshimiwa amekosea kidogo. Tubadilishane."

"Bwana meneja," nikasema, na sauti yangu niliifanya ya kanisani, "huo ndio ufunguo aliokuwa nao mheshimiwa wakati Mtukufu alipompongeza."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo Mtukufu amempongeza mgeni wa chumba cha Dirisha. Akihamia Kilele, atakuwa mgeni mwingine. Watu watauliza Mtukufu alimpongeza nani. Sisemi watauliza kwa ubaya."

Meneja alilitazama sinia, akaitazama picha yenye shavu. Polepole akaurudisha ufunguo wa kishada kabatini na kufunga kioo. Nami, kwa kuwa mafanikio humharibu kijana, nikaongeza:

"Au labda, kwa kuwa amepongezwa, arudi tu nyumbani."

"Nyumbani?" Meneja alishtuka kwa dhati. "Kijana, mtu anapongezwa na Mtukufu akiwa mgeni wetu, halafu aache kuwa mgeni? Hapo ndipo hasa tungekuwa tunampinga." Akampa baba mkono. "Hongera, mheshimiwa. Wewe wa pili, mimi... yaani Mtukufu wa kwanza, mimi wa pili. Miaka minne. Natamani ingekuwa kumi."

Baba alichukua mto wake mwenyewe. Hakuna aliyethubutu kumshika kwapani. Alipokanyaga ngazi ya kwanza ya kwenda juu aligeuka.

"Ladi."

"Naam, baba."

"Yule ndama anatakiwa kupewa dawa ya minyoo mwezi huu ukiisha. Mwambie yule mama."

"Nitamwambia."

"Na hiyo hongera yako." Alitafuta pumzi. "Usiirudie, mwanangu. Kitu cha namna hiyo hakijui kusimama."

Nikatoka nje nikasimama chini ya ukuta wa mashariki. Msichana wa mto alipita mbele yangu akiteremka kilima mikono mitupu. Hakunitazama, na sikuwa na neno la kumwambia. Katika nchi yetu lipo moja tu, na lilikuwa halimfai. Baadaye dirisha moja dogo kama sahani ya chai likafunguka, ukatoka mkono. Ulikuwa wa kulia, ule uliochelewa. Ulipunga mara moja, kisha ukakaa tu pale nje, kiganja juu, kama unapima hewa.

*

Nilirudi shuleni kesho yake. Mkuu wa shule alikuwa amesimama langoni, yeye na walimu wote wamepanga mstari nyuma yake, suti zimepigwa pasi. Redio wanayo.

"Ladislausi," akasema, akanipa mkono uliolowa jasho. "Hongera."

Nilifungua mdomo kuuliza ya nini. Nikaufunga.

"Ahsante, mwalimu. Sijafanya lolote. Mimi ni mwanafunzi tu."

Nikayasikia maneno hayo yakitoka, nikaona namna walivyotazamana, na ikawa nimechelewa kuyarudisha. Wakanipa mkono wote, mpaka Mzee Kitwana mpishi, ambaye alinibana vidole kwa nguvu na kunitazama kwa huruma kubwa.

Jioni nikaambiwa nisirudi bwenini. Nimepandishwa chumba. Ni kile cha juu kabisa, cha mnarani, kina zulia na kitanda changu peke yangu, na dirisha lake linaanzia sakafuni. Kila anayeniletea chakula ananiambia nisikose kufurahia mandhari.

Naandika haya nimekaa chini, mgongo nimeuegemeza mlangoni, mbali na mapazia. Redio ya mkuu wa shule inasikika huko chini, tarumbeta zimeanza. Mto wangu nimeukumbatia kwa mikono miwili. Sina nia ya kuusahau.